Shati Lililoachwa Chini ya Pasi

Naapa kwa macho yangu haya mawili, na kama nasema uongo yapofuke sasa hivi nikiwa juu ya ngazi na ndoo ya rangi mkononi: kila neno mtakalosikia hapa ni la kweli, halina nyongeza hata ya punje. Shule sikuijua zaidi ya kuupaka rangi ukuta wake wa nje, lakini kichwa changu kinashika mambo kuliko daftari. Na siku ile nilikuwepo. Sikusimuliwa. Nilikaa mbele kabisa, karibu na televisheni kuliko binadamu mwingine yeyote.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, limewekwa kati ya mlango wa Kinyozi na meza ya Fundi Viatu. Kulia unasikia mashine ya nywele, kushoto unasikia nyundo, na katikati unatusikia sisi. Mimi ni mpaka rangi, naitwa Bingwa. Jina nilipewa na watu, sikumbuki ni watu gani. Kinyozi huwa anatoka na taulo begani hata kama hana mteja, ili mke wake akipita aone mtu yuko kazini. Winchi anaendesha winchi kule kunakojengwa ghorofa, na kwa kuwa anashinda juu peke yake, akishuka anaongea maneno ya kutwa nzima ndani ya nusu saa. Mama Kahawa anafika saa kumi na birika lake, na maneno yake hayaishi upesi kama kahawa. Fundi Viatu yeye si msemaji. Anajaza misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja akipigilia soli. Ukimwona kaitema yote kiganjani kwa mpigo, jua kuna neno linakuja.

Ijumaa ile aliitema yote.

— Binti yangu anaharibika, akasema.

Tukageuka wote. Binti Fundi tunamjua, dada mkubwa wa miaka ishirini na miwili, mpole, ndiye anayepokea viatu vya wateja na kuandika majina kwa chaki chini ya soli.

— Anaharibikaje? Winchi akauliza. Kapata bwana?

— Afadhali angepata bwana. Kapata sinema.

— Kapata sinema wapi?

— Katengeneza. Kwa simu. Dakika kumi na mbili. Anasema hiyo ndiyo kazi anayoitaka maishani. Na dada yangu kule kwake ameshamwekea cherehani, chumba, kila kitu, aanze kushona Jumatatu. Namwambia mtoto jiandae twende kwa shangazi yako, ananiambia, Baba, tazama kwanza nilichofanya.

— Sasa si utazame, Kinyozi akasema.

— Nitazame nini? Mimi ni baba yake. Hata akipiga picha ya ukuta nitaona pazuri. Mtatazama nyinyi.

Hapo nikajiweka sawa. Kwa habari ya sinema, mtaa huu hauna mwingine. Nimetazama sinema elfu arobaini, na hizo ni zile tu nilizozitazama mpaka mwisho. Kuna jumba la sinema nililipaka rangi ndani kwa miezi minne, mpaka waigizaji walikuwa wananisalimia kutoka kwenye pazia.

— Lete, nikamwambia. Hapa kuna mtaalamu.

— Mtaalamu simhitaji, Fundi akasema. Nahitaji mdomo wako. Mama Kahawa atamimina vikombe vitatu vya moto, kila mtu ashike chake. Sinema ianze. Ikiisha nitakagua vikombe. Nikikuta vyote vimejaa na vimepoa, basi kweli mtoto ana kitu, aendelee. Nikikuta hata kimoja kimenywewa, Jumatatu asubuhi tunaondoka naye kwenda kwa shangazi yake, na ile simu naiweka mimi.

Kinyozi akacheka mpaka taulo likaanguka.

— Fundi, hilo si jaribio, hiyo ni hukumu. Sisi tuache kahawa ipoe? Sisi?

Na alisema kweli. Sisi tumekunywa kahawa mazishini. Siku banda la mkaa lilipowaka, tulilizima kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe. Hatujawahi kuiacha ipoe tangu kuumbwa kwa benchi.

Binti Fundi alikuwa amesimama mlangoni na waya mkononi, kasikia yote.

— Baba, akasema polepole, na kama wakinywa kwa mazoea tu, bila kujua?

— Mazoea ndiyo unayoshindana nayo, mwanangu.

Yule dada akaanza kuukunjua waya. Nikamkonyeza, maana yake usijali, Bingwa yupo. Hakunikonyeza.

Tukaliingiza benchi saluni, maana televisheni iko ukutani juu ya vioo. Binti akaunganisha simu na waya wake. Mama Kahawa akamimina, kila mtu akashika chake, moto unachoma vidole. Fundi akabaki mlangoni nyuma yetu na kiatu cha mtu mkononi, anajifanya anakikagua kisigino. Mama Kahawa naye akasimama karibu yake, kalikumbatia birika kama mtoto, anahema hema. Nikashangaa, huyu ana nini leo?

Ikaanza.

Kitu cha kwanza, kifungo. Kifungo cha shati, kimejaa kioo kizima cha televisheni, kikubwa kama sinia. Uzi wake mnene, mweusi, kwenye shati jeupe. Hakuna muziki. Hakuna mtu. Kifungo tu kinakutazama.

— Hii sinema ya kifungo? Winchi akanong'ona.

— Nyamaza, Kinyozi akasema.

Halafu ikatokea pasi. Pasi ya mkaa, ile yenye meno pembeni na makaa yanawaka ndani. Lakini Binti aliipiga picha kutoka chini, jamani! Kutoka usawa wa meza! Inakuja kama lori lisilo na breki, linashuka mlima, na mimi ndiye barabara. Unasikia makaa tu, ch, ch, ch. Nikarudisha miguu chini ya benchi.

Kuna dada anapiga pasi, anaimba kwa puani. Unamwona mkono na kidevu tu. Anamaliza mkono wa shati, anamaliza kola, analigeuza, anaanza mgongo. Mlango wa nje unagongwa. Hodi, hodi.

Yule dada anaiacha pasi. Hapo hapo. Juu ya shati!

— We! Kinyozi akasema.

— Anarudi sasa hivi, nikamtuliza. Anafungua tu mlango.

Anatoka, anapita ukumbi mrefu, anafungua, na pale mlangoni kasimama nani? Mama Kahawa! Huyu huyu wetu! Kajifunga kitambaa kipya kichwani, anatabasamu.

— Hujambo mwanangu? anasema kwenye kioo.

— Sijambo mama, shikamoo.

— Marahaba. Habari za tangu juzi?

— Nzuri mama.

— Na mama yako hajambo?

— Hajambo.

— Na ule mguu wake?

Na hapo Binti Fundi akatuonyesha pasi. Imekaa. Kimya. Ch, ch. Halafu akaturudisha mlangoni.

— Unaendelea vizuri, mama.

— Wa kushoto au wa kulia ule?

— Mwambie! Kinyozi akapiga kelele. Mwambie una pasi ndani!

— Hawezi, nikasema. Mtu mzima anakusalimia, utamkatizaje?

Hapo ndipo alipotubana, yule mtoto, na nawaambia mimi niliyetazama elfu arobaini, sijapata kubanwa hivyo. Sinema nyingine wanakuletea jambazi na bunduki. Jambazi unamwombea apigwe. Sasa Mama Kahawa anauliza habari za mguu utamfanya nini? Anauliza kwa upendo! Na yule dada anajibu kwa adabu, mkono kifuani, kichwa kimeinama, na kila akijibu ile adabu yake ndiyo inayolichoma shati.

— Na baba anaamka?

— Anaamka, mama.

Pasi. Ukatoka moshi. Uzi mmoja, mwembamba kama unywele, unapanda polepole mpaka juu ya kioo.

— Na yule mdogo wenu aliyekuwa na jino?

— Lilitoka, mama.

— La juu au la chini?

Winchi akasimama. Mtu mzima, mwili kama mlango wa ghala, akasimama na kikombe chake kimejaa, akamnyooshea Mama Kahawa wa kwenye televisheni kidole.

— Mama! Ondoka hapo!

— Mimi niko huku nyuma yako, Mama Kahawa wa kweli akajibu. Nimeshika birika.

— Basi ondoka kule!

— Nitaondokaje kule na nilishapigwa picha?

— Ungeaga! Watu huwa wanaaga!

— Binti aliniambia niulize kila ninachokijua. Na mimi najua mengi.

— Nyamazeni! Kinyozi akalia. Moshi imekuwa miwili!

Kweli, nyuzi mbili. Halafu zikaungana. Na sauti ya makaa ikakatika kabisa, ikawa kimya, unasikia tu Mama Kahawa anacheka mlangoni, anasema na yule kuku wenu mwekundu je. Moyo wangu ukaanza kupiga mia tisa kwa dakika. Nilihesabu. Jasho lilinitoka, benchi likalowa, Kinyozi akateleza kutoka upande wake mpaka kwangu. Wallahi.

Halafu yule dada akanyamaza katikati ya jibu. Pua ikacheza kidogo. Tu. Akageuka. Miguu, mbio, ukumbi ule ule lakini sasa umekuwa mrefu mara tatu, sijui aliurefushaje, anakimbia wala hafiki, anakimbia wala hafiki, mlango wa chumba, mkono kwenye mlango...

Kioo kikawa cheusi. Likatokea jina la Binti Fundi kwa herufi nyeupe ndogo.

Taulo la Kinyozi lilikuwa mdomoni mwake mwenyewe, kaling'ata. Winchi alikuwa ameshatoa simu kwa mkono wa kushoto.

— Mke wangu, pasi umeizima? ... Pasi! ... Hatuna? Una hakika hatuna? ... Angalia tena!

Fundi akaingia. Hakumtazama mtu usoni. Akaenda kwa Winchi, akachungulia kikombe. Kimejaa, kimepoa. Akaenda kwa Kinyozi. Kimejaa, kuna unywele unaelea. Akaja kwangu.

Nikatazama kikombe changu pamoja naye. Kitupu. Kikavu. Kama kimeoshwa.

— Haiwezekani, nikasema.

— Bingwa! Kinyozi akashika kichwa. Bingwa, umefanya nini?

— Sikunywa! Naapa sikunywa!

— Imeenda wapi?

— Nilikunywa lakini sikunywa mimi! Mnanielewa? Wengine wakiogopa wanang'ata kucha. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikang'ata kikombe! Ulimi umebabuka, tazameni! Mtu mwenye akili zake anaweza kunywa kahawa ya moto vile kwa mkupuo asisikie? Sinema ndiyo imeinywa!

— Kikombe kimenywewa, Fundi akasema.

Binti Fundi akaanza kuukunja waya. Aliukunja vizuri, mviringo juu ya mviringo. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie.

— Fundi, subiri kwanza, Kinyozi akasema. Acha nikueleze alichokifanya mtoto wako, maana hujui. Ni kile kifungo. Anakushikisha kitu kidogo mpaka kinakuwa kikubwa, jicho lote limejaa, huna pa kukimbilia. Mimi nafanya hivyo hivyo. Mteja mbishi, namwonyesha wembe, naufuta polepole kwenye taulo mbele ya kioo, naendelea kumwuliza habari za watoto. Mpaka naufikisha shingoni, ameshakubali mtindo wowote.

— Siyo kifungo, Winchi akasema. Ni kuning'iniza. Mzigo ukiupandisha haraka hakuna anayeutazama. Ukiupandisha ukausimamisha juu ya vichwa vya watu, ukautuliza tu, kiwanja kizima kinaacha kupumua. Juzi nilisimamisha tofali elfu mbili hewani kwa sababu nilitaka kupiga chafya. Chafya ikagoma kuja. Msimamizi chini akaanza kutubu. Akataja mambo ya mwaka juzi! Akataja na majina!

— Hizo tofali elfu mbili uliziona wapi? Mama Kahawa akauliza. Wiki iliyopita zilikuwa mia tatu.

— Wiki iliyopita sikuwa na chafya.

— Nyote hamjui, nikasema, maana mambo yangu na ya mtoto wa watu yalikuwa yanaharibika. Sikilizeni mtaalamu. Alichofanya ni kukata sauti. Sauti ya makaa ilipokatika, masikio yetu yalishikwa njaa yakaanza kutengeneza sauti yenyewe. Mimi nilisikia makaa chini ya benchi. Nilisikia yanatembea. Tena moshi ulitoka kwenye televisheni. Ndiyo! Ulitoka hapa pembeni, ukaniingia puani, harufu ya pamba. Na shati langu hili mgongoni likapata moto. Mnanipata? Lilipata moto wa kweli! Ingeendelea dakika mbili mimi mngenizika na alama ya pasi!

Binti Fundi akacheka kidogo, akiwa ameinama kwenye waya wake.

— Mjomba, sikukata yote, akasema. Kila Mama alipouliza swali, nilipunguza makaa kidogo. Kidogo tu. Nilitaka muyatafute.

— Umeona! nikamwambia Fundi. Tuliyatafuta!

— Na ile pasi kutoka chini? Kinyozi akauliza. Ulilala sakafuni?

— Nilichomeka simu ndani ya kiatu, nikakiweka mezani. Buti la yule mlinzi, namba arobaini na tano. Linasimama imara.

Fundi akainua kichwa. Buti la mlinzi alilitengeneza yeye. Nikaona kitu kinapita usoni mwake, lakini kikapita haraka.

— Kikombe kimenywewa, akarudia. Nilisema, na nikisema nimesema. Jumatatu.

— Fundi, tupige kura, Winchi akasema.

— Binti yangu si diwani.

Kura haikupigwa. Binti akaiweka simu mfukoni mwa gauni, akaifunika kwa kiganja, kama vile tayari inachukuliwa.

Ndipo akatokea dada mmoja mlangoni, muuguzi, bado amevaa sare yake nyeupe, kashika kiatu kimoja kisigino kinaning'inia. Hatukuwahi kumwona.

— Samahanini, akasema. Nilikuwa naleta kiatu. Nimesikia kelele tangu kona ile, nikadhani kuna mgonjwa. Kuna nini?

Hakuna swali tunalolipenda kama hilo. Tukamweleza wote kwa pamoja. Kinyozi akamweleza kifungo, Winchi akawa Mama Kahawa, mimi nikawa pasi. Nilitembea juu ya benchi kwa tumbo. Yule dada akatusikiliza mpaka mwisho, kiatu mkononi, macho yametoka.

— Ehe, akasema. Kwa hiyo shati liliungua?

— Liliungua! Kinyozi akajibu. Tundu saizi ya sahani.

— Halikuungua, Winchi akasema. Si alilivuta? Aliingia akalivuta, pasi ikaanguka chini.

— Shati? nikasema. Dada yangu, iliungua nyumba nzima! Nililiona gari la zimamoto, jekundu, na ngazi yake.

Tukatazamana.

— Gari la zimamoto lipi? Kinyozi akaniuliza.

— Na wewe tundu gani?

— Tundu nililiona kwa macho yangu!

— Binti, rudisha nyuma, Winchi akasema. Weka pale mwisho.

Waya ukakunjuliwa. Tukatazama tena, safari hii na muuguzi katikati yetu. Pua, miguu, ukumbi, mlango, mkono. Nyeusi. Jina. Akaweka mara ya pili. Mkono. Nyeusi. Mara ya tatu Winchi akasogea akabandika jicho kwenye kioo, kana kwamba shati limejificha pembeni.

Halikuwepo. Shati hakulionyesha! Sinema nzima ya shati, na shati lenyewe tumejionyesha wenyewe, kila mtu la kwake!

— Sasa mbona hamnijibu? muuguzi akasema. Liliungua au halikuungua?

Winchi akakuna shingo. Na mimi, Bingwa, mwenye jibu la kila kitu chini ya jua na baadhi ya vilivyo juu yake, nikamgeukia Binti.

— Wewe unajua, Kinyozi akamwambia Binti.

— Najua.

— Sema basi!

— Nikisema itakuwa habari tu, mjomba. Hilo nataka mlione. Ipo sehemu ya pili, nilipanga kuipiga Jumatatu. Lakini Jumatatu ndiyo hiyo...

Akamtazama baba yake. Wote tukamtazama baba yake.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya televisheni. Alikuwa kaiacha picha imeganda kwenye kifungo, mwanzo kabisa. Hatukumwona alipoirudisha.

— Huu uzi ni wa viatu, akasema.

— Uzi upi?

— Huu. Nilikishona mimi hiki kifungo, kwa uzi wa viatu, mwaka ule kilipokatika. Hili shati ni langu. Ndilo nililotaka kulivaa Jumatatu nikimpeleka kwa dada yangu. Ndilo moja tu nililonalo la kwendea kwa watu.

Binti akashika mdomo kwa mikono miwili.

— Baba...

— Usiniambie! Fundi akanyoosha mkono. Usiniambie kitu!

Akakiweka kiatu cha mtu juu ya kiti cha kunyolea, akatoka. Kwa aproni yake na fulana ya ndani, akakata kona kuelekea nyumbani kwake, kwanza kwa hatua, halafu, na hili mtaa mzima uliliona, mbio. Fundi Viatu, ambaye moto wa banda la mkaa aliuendea kwa kutembea.

Tukabaki. Muuguzi hakuondoka, alikaa kwenye benchi akavua na kiatu cha pili. Mimi nikawaambia naenda haja, nikatoka. Nikarudi baada ya muda, nikawakuta vile vile, shingo zote zimeelekea kona.

Mara akatokea. Anatembea kawaida yake. Kavaa koti. Jua lile, joto lile la kuyeyusha lami, Fundi kavaa koti jeusi nene, kalifunga vifungo mpaka kidevuni, aproni juu yake.

— Vipi? Winchi akaruka. Vipi, Fundi?

Fundi akakaa kwenye kigoda chake.

— Liliungua? Kinyozi akauliza.

Fundi akamwita binti yake.

— Mpigie shangazi yako simu. Mwambie ile cherehani ampe mwingine. Jumatatu sisafiri.

Yule mtoto akasimama kama nguzo.

— Na mimi, Baba?

— Wewe si una kazi Jumatatu? Na buti la mlinzi lina mwenyewe, anakuja kulichukua leo. Nitakutengenezea la kwako.

Binti Fundi akaruka, nawaambia aliruka akagusa bati la saluni, na bati liko juu mita tatu. Mama Kahawa akapiga vigelegele na birika kichwani. Muuguzi ambaye hatumjui akamkumbatia Kinyozi, halafu akakumbuka hamjui akamwachia.

— Subirini! Winchi akapaza sauti. Hasafiri kwa sababu hana shati. Kwa hiyo liliungua!

— Nimesema sisafiri, Fundi akajibu.

— Au halikuungua, Kinyozi akasema, ndiyo maana ana furaha. Halikuungua, eti Fundi?

Fundi akachukua misumari yake, akaihesabu kiganjani, akaitia yote mdomoni. Akaanza kupigilia kisigino cha kiatu cha muuguzi. Ko, ko, ko. Jasho linamtiririka ndani ya lile koti mpaka kwenye nyusi, na hasemi, na macho yanacheka. Hapo ndipo nilipoona yule mtoto kipaji chake amekirithi wapi.

Sasa sogeeni karibu. Mimi siku ile haja sikwenda.

Nilimfuata. Nilipita uchochoroni, nikasimama juu ya tofali, nikachungulia dirisha la chumba chake. Nilimwona analitoa shati kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Akaligeuza. Mgongoni, katikati ya mabega, pana alama ya pasi, ya kahawia, nzima, na ncha yake, imekaa sawasawa kama muhuri wa serikali. Nikasema leo mtoto anauawa. Lakini yule mzee akalivaa. Akavua fulana, akalivaa, akakipa kioo mgongo, akakunja shingo kama kuku anayejikuna, akajitazama. Halafu akaanza kusema peke yake, kwa sauti ya kike, ya Mama Kahawa kabisa: na mama hajambo? Na ule mguu wake? Na yule mdogo aliyekuwa na jino? Akafika kwenye kuku mwekundu akashindwa kuendelea. Alicheka akakaa kitandani, akacheka akalala, akajifuta macho kwa mkono wa lile shati. Akainuka, akachukua koti, akalifunga mpaka juu.

Mpaka leo kijiweni hawajui. Kila saa kumi wanaliunguza na kuliokoa upya, Winchi na Kinyozi nusura washikane, watu wanatoka mtaa wa tatu kuja kusikiliza, na sehemu ya pili itaonyeshwa Jumamosi palepale saluni. Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba kwa heshima zote, hili la dirishani msilirudie popote. Si kwa Winchi, si kwa wake zenu, si kwa yule muuguzi, ambaye siku hizi anakuja na viatu vizima. Mtamharibia mtoto wa watu sinema yake. Nimewaambia nyinyi tu, pamoja na wengine kama arobaini hivi, na wote wameniapia.